Karte Iliyolala Katana

Mlango ule ulikuwa wa kioo, na hilo ndilo ambalo sijalisamehe hadi leo. Ungekuwa wa mbao, au wa chuma kama ile ya depo za soko la Nyawera ninapouzia vitenge vyangu, ningekaa kwenye benchi nikalia kama mtu yeyote anayelilia asichokiona. Lakini kioo! Nilisimama pale na mshono wa tumboni haujapoa, kitenge kimefungwa chini ya kifua, na mtoto wangu ninamwona. Alikuwa ndani ya kuvezi ya tatu, upande wa dirisha. Kuvezi ni lile sanduku la kutia joto watoto waliotoka kabla ya miezi kutimia. Niliona mguu. Mguu mmoja mdogo unapiga hewa, unatulia, unapiga tena. Kati yangu na mguu ule zilikuwa hatua kumi hivi, na kidude cheusi ukutani chenye taa nyekundu, kikingoja karte.

Karte ndivyo tunavyoiita huku Bukavu, kile kiplastiki kigumu unachokigusisha ukutani, kinalia pii, taa inageuka kijani, mlango unafunguka. Sina ugomvi na karte ya mwenye hoteli wala ya mwenye benki. Kila mtu na alinde chake. Lakini nani alikaa kwenye kiti chake akaamua kwamba mama anahitaji karte ili anyonyeshe? Ningependa anitazame usoni anieleze polepole, maana mimi sikusoma sana.

Kliniki yenyewe sitaitaja. Wenyewe wanajijua. Walikuwa wamejenga ghorofa mpya, vigae vinang'aa, na mlango ule waliuweka kwa ajili ya usalama wa watoto, ndivyo walivyosema. Zamani watu walikuwa wakiingia ovyo, mashangazi, majirani, wanakwaya, kila mmoja na mafua yake. Hapo sibishi, ninatujua sisi. Mwanamke akizaa, mtaa mzima unakuja kukagua pua ya mtoto ni ya nani. Kwa hiyo wakaweka sheria, mtoto mmoja karte moja, na kila karte imeandikwa kwenye kompyuta jina la mtu mmoja anayeitwa responsable, yaani mwenye jukumu la mtoto. Ni yule tu anayeingia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mimba yangu ilikuwa na miezi saba na kidogo, damu ikapanda, macho yakaona giza, wakanipasua Jumatatu asubuhi. Mtoto wa kike. Nilikuwa bado nimelala na dawa ya usingizi wakati mume wangu alipoitwa ofisini kusaini makaratasi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na karatasi anaziheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu padri. Akasaini hapa, akasaini pale, wakampa karte wakamwambia, "Papa, utunze hii muzuri, usiipoteze." Hakuna aliyemwambia ni ya nini. Siku ile muuguzi alikuwa amewafungulia kina baba mlango kwa karte yake mwenyewe, wakapita kundi zima, mume wangu akamwona mtoto, akatoka akifuta machozi. Kile kiplastiki kilikuwa kimepigwa chapa jina la ukoo wake na namba. Akakiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akapanda gari la Katana, kijijini kwao.

Katana alikwenda kufanya nini? Alikwenda kumwambia baba yake. Kwao mtoto wa kwanza hapati jina mpaka babu wa kuumeni aambiwe uso kwa uso. Simu haikubaliki. Simu ni ya kuulizana bei ya maharage. Niliolewa nikijua hivyo, wala sikuona ubaya, kwa sababu nilidhani mume wangu anakwenda kuchukua jina. Sikujua kwamba anaondoka na mlango.

Jumanne asubuhi muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye roho nzuri, alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi juu. Akafungua kwa karte yake. Alinitolea mtoto kutoka kwenye kuvezi, akamlaza kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja na kitenge changu mwenyewe. Mtoto alikuwa mwepesi kama pakiti ya sukari iliyokwisha kutumiwa nusu. Alitafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Mawee, mama yangu! Nilihisi kitu hadi visiginoni.

"Umuangalie vile anapumua sasa," muuguzi akasema. "Dawa yake njo weye, maman. Maziwa yako na joto yako, kila masaa matatu. Hatuna ingine. Akikosa, atapunguka, na huyu hana kilo ya kupunguza."

Hayo maneno niliyashika. Kila masaa matatu. Mchana wa siku ileile nikapanda ngazi kwa miguu yangu, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika mshono. Juu nikamkuta muuguzi mwingine, kijana wa kike, amesimama ndani ya kioo. Akafungua mlango nafasi ya kichwa tu.

"Karte iko wapi, maman?"

"Karte gani?"

"Ya mutoto."

"Mutoto ni ule pale. Kuvezi ya tatu. Miye njo mama yake."

"Najua, maman. Lakini mashini inahesabu. Nikikuingiza na karte yangu, inaandika. Mwenzangu wa asubuhi banaisha kumupa demande d'explication juu yako."

Demande d'explication! Aliyewahi kufanya kazi katika mji huu anaijua barua ile ya kujieleza. Ukipata mbili unaanza kuaga watu. Kwa hiyo yule mama mnene aliyenifunga na mtoto wangu alikuwa ameandikiwa barua kwa kosa hilo, kabla hata mtoto hajacheua. Nilitaka kupiga kelele, lakini mshono ulinikataza. Nikakamua maziwa kwenye kikombe palepale kwenye benchi, watu wakipita, yule kijana akakipokea kwenye ule ufa wa mlango. Akamnywesha kwa kijiko huku mimi ninaangalia kwa kioo. Aibu niliyoihisi siwezi kuieleza.

Utauliza, daktari alikuwa wapi? Alikuwepo. Akanisikiliza, akatikisa kichwa, akasema yeye ni wa dawa, mlango ni wa utawala.

Nikampigia mume wangu. "Karte unayo?" Akasema, "Nakuya kesho, muzee anaita majirani kidogo, iko furaha sana hapa," halafu simu ikakatika. Batri yake siku zote inakufa kwenye neno la maana.

Alifika Jumatano saa sita, jasho linamtoka, mkononi kuku hai amefungwa miguu, begani mkungu wa ndizi. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nilikuwa nimekaa kitandani, matiti yamejaa hadi yanauma mpaka kwapani.

"Muzee amefurahi!" akasema. "Bamekunywa pombe ya kasiksi mpaka jioni. Ametoa jina."

"Karte."

"Na hii kuku, amesema ni ya supu yako, usigawe na mutu."

"Baba mutoto. Karte iko wapi?"

"Iko salama. Muzee ameiweka mu valizi."

Lazima nieleze valizi hiyo, maana bila kuijua huwezi kuelewa ujinga uliotupata. Ni sanduku la mbao lililozungushiwa bati, liko chini ya kitanda cha baba mkwe wangu, na ufunguo wake amefunga shingoni pamoja na rozari. Ndani kuna karatasi za ubatizo za watoto wake wote, karatasi ya shamba, kitambulisho cha zamani cha marehemu baba yake, picha mbili zilizoliwa na unyevu. Karatasi yenye maana katika ukoo ule haikai kwa mtu, inakaa kwenye valizi. Mzee alipewa ile karte aitazame. Akaigeuza huku na huku, akaona jina lake la ukoo limepigwa chapa, na namba ndefu. Akasema, "Hana ata siku mbili na banaisha kumupa karte ya identite! Miye niliota nywele nyeupe mbele ya kupata yangu." Majirani wakaishika kwa zamu, mmoja akaibusu. Halafu mzee akapiga magoti, akafungua valizi, akailaza mle, akafunga.

"Na weye ukanyamaza?" nikamuuliza mume wangu.

"Alikuwa anafurahi. Na miye pia nilizani ni karte yake ya kuzaliwa. Banisema niitunze."

Yaani aliitunza! Kuna watu ukiwaambia watunze kitu wanakwenda kukifukia. Mtu ana diploma, anafundisha watoto wa watu kusoma! Nilimtukana siku ile. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume mbele ya wagonjwa wengine, na kuku naye akawa anapiga kelele chini ya kitanda, wanawake wa chumba kile wakafunika vichwa kwa mashuka ili nisiwaone wanavyocheka. Sikuomba msamaha hadi baada ya mwezi. Masikini, alikaa tu anakubali.

Tukaenda ofisini wote wawili, mimi nimejikunja. Kule kulikuwa na kijana wa kompyuta ya mapokezi, shati limepigwa pasi. Akatusikiliza vizuri. Akasema kuna njia mbili. Ama turudishe karte ya kwanza, ama tulete karatasi ya polisi inayosema imepotea.

"Haiyapotea," mume wangu akasema. "Iko Katana."

"Basi haiyapotea. Muilete."

"Andika karte ingine kwa jina yangu," nikasema. "Miye njo ninanyonyesha."

"Kompyuta inakubali responsable moja tu kwa mutoto moja, maman."

"Na nani alisema awe yeye?"

"Inakuya yenyewe hivyo. Unaandika mutoto, inauliza papa."

Nilimtazama yule kijana. Nikamuuliza kama yeye alimnyonya baba yake. Mume wangu akanivuta mkono, tukatoka. Fundi anayeandika zile karte alikuwa anakuja siku mbili tu kwa juma, na hata angekuwepo, sheria ni sheria. Sheria ya nani? Ya mtu ambaye titi halijawahi kumuuma. Nilipanda tena kwenye kioo changu nikasimama.

Alhamisi alfajiri mume wangu akarudi Katana. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, akafika akiwa tope hadi magotini. Jioni akanipigia kwa simu ya jirani wa kule. Mzee amesema kitu cha mtoto hakitumwi mkononi kama karanga, atakileta mwenyewe Jumapili baada ya misa, aje na kumwona mjukuu. Jumapili! Nikauliza, "Ulimwambia mutoto hakuli vizuri?" Alikuwa amemwambia, lakini kwa adabu ya kwao, ile adabu inayozunguka mlima mzima kabla ya kufika mlangoni. Mzee alikuwa ameelewa kwamba madaktari wanataka kuiona karatasi. Akaona Jumapili inatosha.

Asubuhi hiyohiyo ya Alhamisi walikuwa wamempima mtoto. Yule muuguzi kijana alikuja kwenye ufa wa mlango kuchukua kikombe, hakunitazama.

"Amepunguka kidogo," akasema.

Kidogo ya wauguzi ninaijua. Nikamwuliza mara tatu kiasi gani, akasema nisijichoshe, maziwa yatakauka. Mguu kule kwenye kuvezi ya tatu haukupiga hewa tena kama siku ya kwanza. Ulikuwa umelala tu. Hapo niliogopa sana. Niliteleza na ukuta hadi chini, nikakaa sakafuni na kikombe changu kitupu, na nguo yangu imelowa kifuani pande zote mbili.

"Inuka pale, nataka kupiga deki," sauti ikasema.

Alikuwa mama wa usafi wa ghorofa ile. Mwanamke mkubwa kuliko mimi, mkavu, wa kutoka upande wa Mumosho, ambako alikuwa anaamka na giza ili awahi kazini. Tablia ya bluu, yaani aproni ya kazi, ndoo, na shingoni mwake karte inaning'inia kwenye kamba. Nilikuwa nimemwona siku zote akipita, pii, pii, pii, kila mlango unamkubali. Sikuwahi kuwaza chochote.

"Uko nalia nini? Mutoto amekufa?"

"Hapana."

"Basi unalia mapema."

Nikamweleza. Alinisikiliza ameegemea fimbo ya deki, akaniuliza mambo mawili tu, kuvezi ya ngapi na mtoto anakula saa ngapi. Halafu akacheka, kicheko cha hasira.

"Yaani mama hapiti, na ndoo yangu inapita," akasema. "Miye naingiaka kila mahali, mwanangu. Juu uchafu haina responsable."

Akavua tablia yake akanivisha. Akanifunga kitambaa chake kichwani, akanipa fimbo ya deki mkononi. "Kichwa chini," akasema. "Hakuna mutu anaangaliaka uso ya mwenye kupiga deki." Akanyosha karte. Pii. Taa ikawa kijani, mlango ukafunguka, nikaingia kwa mtoto wangu nikiwa ninapiga deki.

Nilipiga deki kweli, wallahi, kama wanavyosema Waislamu wa Nyawera ninaouza nao. Nikapangusa hadi kuvezi ya tatu. Wauguzi walikuwa wawili, na yule kijana aliniona. Nilijua ameniona kwa sababu alifunga mdomo haraka. Akageukia dirisha, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Maman wa usafi, pale nyuma ya kuvezi ya tatu iko uchafu mingi. Ufute polepole. Chukua ata saa nzima." Halafu akachukua paravani, lile pazia la kusimama lenye miguu, akaisogeza pale, kama mtu anayepanga vyombo, na alipopita akafungua kidirisha cha kuvezi akamtoa mtoto akanipa.

Nilikaa chini kwenye vigae vilivyolowa, nyuma ya paravani, tablia ya mwanamke mwingine imefunguliwa, mtoto kifuani. Hakushika mara moja. Alikuwa amechoka, alilegeza kichwa, nikamdondoshea tone mdomoni, nikamwambia, "Kunywa, weye binti ya mwalimu, kunywa, baba yako amefungia karte yako mu valizi lakini titi liko hapa." Baada ya muda akameza. Nikahesabu, akameza tena. Nje nilisikia mama wa usafi akigonga ndoo yake na kuimba wimbo wa kanisani vibaya kabisa, ili watu wamsikilize yeye.

Alhamisi mara mbili, Ijumaa mara nne, Jumamosi asubuhi mara mbili. Usiku niliendelea na kikombe. Jumamosi walipompima hakuwa amepungua. Hakuwa ameongezeka, lakini kushuka kulikuwa kumesimama, na mimi niliona mguu unapiga.

Jumamosi mchana nilipanda kwa zamu ya saa sita. Nikangoja. Saa saba. Mama wa usafi hakutokea. Alikuja kijana wa kiume na ndoo ileile, karte mpya shingoni, akapita bila kunitazama. Mlango ukajifunga nyuma yake. Nilipouliza, yule muuguzi kijana alinong'ona kwenye ufa. Kompyuta ilikuwa imetoa orodha. Karte ya usafi imeingia chumba cha watoto mara nyingi kuliko kawaida, na mara moja ilikuwa imeingia, ikatoka dakika hamsini baadaye. Kuna kopo moja la maziwa ya unga lilikuwa halionekani. Wakamwita, wakamuuliza alikuwa anafanya nini mle. Akajibu, "Kazi yangu." Wakamuuliza na nani. Akajibu, "Na ndoo." Hawakupata neno lingine. Wakamvua karte shingoni.

Nilitaka kushuka palepale. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, na mtoto alikuwa ndani, na mimi nje tena. Dada yangu aliniletea buyi, uji wa mtama, nikaikataa. Sikulala. Nilikaa nimekunja ngumi kama mtu anayengoja gari lisilokuja.

Jumapili saa tisa mchana mzee akafika. Koti la harusi yake, kofia, viatu vimepakwa mafuta, mume wangu nyuma yake amebeba valizi yenyewe kichwani. Ndiyo, valizi nzima! Mzee hakutaka kuitoa karte njiani. Tukapanda hadi kwenye kioo. Akapiga magoti sakafuni taratibu, akatoa ufunguo shingoni, akafungua, akachukua kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, akakikunjua mbele yetu. Karte ilikuwa mle ndani. Akaishika kwa mikono miwili akiwa anatafuta nani ampe, daktari au padri.

Niliipokonya. Sikupokea kwa heshima, niliipokonya mkononi mwa baba mkwe wangu, Mungu ananijua. Nikaigusisha ukutani. Pii. Kijani. Mlango ukafunguka.

Mzee akatazama mlango. Akatazama karte. Akanitazama mimi, nguo yangu jinsi ilivyokuwa imelowa.

"Ile ni ya mulango?" akauliza.

"Ni ya mulango, baba," mume wangu akasema.

"Na mutoto anakulaka wapi?"

Nikamwonyesha kuvezi ya tatu ng'ambo ya kioo, nikashika kifua changu. Mzee akavua kofia. Akakaa kwenye ile benchi, kofia mapajani. "Basi nilifungia chakula ya mujukuu wangu mu valizi," akasema. "Siku sita. Na ufunguo nililala nayo shingoni." Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, makali, siku nne niliyanoa. Yaliniishia. Nikaingia ndani.

Tangu saa ile niliingia kila masaa matatu, mchana na usiku, na mtoto akaanza kunenepa gramu kwa gramu. Lakini Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa utawala. Nikamwambia wazi, mimi ndiye nilikuwa mle ndani, si mama wa usafi, na kopo la maziwa mtoto wangu halihitaji, ana yake. Kopo lenyewe lilikuwa limeonekana kwenye kabati lingine, alikiri mwenyewe. Basi, nikasema, mrudishie karte yake. Akageuza kompyuta ili nione orodha, mistari mirefu ya saa na dakika.

"Angalia, maman. Mara nane."

"Hizo ni mara nane mutoto wangu alikula."

"Sijakatala. Lakini karte haikopeshwake. Juu ya mutoto hatuna shida. Shida ni orodha."

Shida ni orodha! Nimezaa, nimepasuliwa, nimepiga deki na nyuzi tumboni, na mtu ananiambia shida ni orodha. Nikamwambia kwamba katika jengo lake lote, na vigae vyake na vidude vyake, mlango ulifunguliwa na mtu mmoja tu mwenye akili, na huyo ndiye amemfukuza ndani. Akasema hakumfukuza, amempeleka uani, kufagia nje. Akasema nitulie, nisiharibu maziwa. Nilitoka nikaufunga mlango wake kwa nguvu zote. Ule ulikuwa wa mbao.

Tulikaa wiki tatu. Siku ya kuondoka mume wangu alitangulia barabarani kutafuta taksi isiyo na vumbi, yeye na mambo yake. Nilishuka peke yangu, mtoto amefungwa kifuani, karte mkononi. Getini zamu, yule mlinzi, akaninyoshea daftari.

"Rudisha karte, maman. Na responsable asaini."

"Niko hapa. Nitasaini."

Akatazama daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Hapa iko jina ya papa. Weye hauko mu orodha. Mutoto hatoke bila responsable kusaini."

Nilisimama. Sikuwa na hata tusi lililobaki. Wiki tatu, na mwisho wake bado nilikuwa mtu ambaye hayupo. Mtoto akaamka kwa jua, akaanza kulia, na nilihisi maziwa yanashuka yenyewe, kama yanavyofanya, bila kuuliza mtu.

Fagio likasimama nyuma yangu. Mama wa usafi alikuwa anafagia majani ya mparachichi pale uani, tangu ile siku hajapanda ghorofani. Yeye mwenyewe hakuwa amemwona uso hata mara moja yule mtoto niliyemnyonyesha ndani ya tablia yake. Alikuwa amebaki nje akigonga ndoo. Alikuja polepole, akafunua kitenge kwa kidole kimoja, akamtazama sana. Halafu akamgeukia zamu.

"Unatafuta saini?"

"Ya responsable, mama. Njo sheria."

Akanishika bega, akanigeuza nimtazame yule mwanaume, na akaonyesha kifua changu kwa mpini wa fagio, pale ambapo blauzi ilikuwa inalowa, doa moja, halafu la pili.

"Saini njo ile," akasema. "Soma."

Zamu akainamisha macho kwenye daftari. Akalifunga. Halafu akatoa mfukoni ufunguo wa kufuli, wa chuma, wa kawaida, akatufungulia geti.